Herufi za Mbio

"Toa mkono kwenye mbao zangu, Fulgencio. Una mafuta ya nyama."

"Nimenawa!"

"Umejifuta suruali. Kujifuta suruali si kunawa."

Fulgencio Rugerio akatoa mkono, lakini maneno hakuyatoa. Alikuwa amesimama katika karakana ya kupiga chapa mabango, mbele ya droo ya chini kabisa ya kabati la herufi za mbao, ile ambayo Herlinda Tecuapetla huifungua mwenyewe na kuifunga mwenyewe. Ugomvi wao ulianza kahawa ingali ya moto. Sasa kahawa imepoa, na hakuna aliyeshinda.

"Nakwambia kwa mara ya mwisho, mzazi mwenzangu. Barón Escarlata hatoki mji mkuu kuja kupigana Puebla jina lake liandikwe kama tangazo la viatu. Anataka herufi za mbio. Bila hizo haji, na asipokuja, ukumbi utajaa mende."

"Na Odilia?"

"Odilia atapata zile kubwa zilizosimama. Nzuri tu! Zinasomeka mpaka ng'ambo ya barabara."

"Kama ni nzuri hivyo, mpe Barón."

Fulgencio alifumba macho kama mtu anayeumwa jino. Alikuwa mwandaaji wa mieleka katika ukumbi wa La Fragua, mtu mnene, mwepesi wa miguu, anayependa koti hata jua likiwa kali. Odilia, binti pekee wa Herlinda, alikuwa mtoto wake wa ubatizo. Yeye ndiye aliyembeba kanisani, yeye ndiye aliyempeleka mazoezini alipoona msichana anaruka kuta badala ya kupita mlangoni, na yeye ndiye aliyemnunulia barakoa yake ya kwanza. Ndiyo maana Herlinda alikuwa bado hajamtupa nje.

Odilia mwenyewe alikuwa ameketi juu ya rundo la karatasi, anakula mkate wake uliojazwa nyama na jibini, anawasikiliza. Mchana alikuwa msaidizi wa daktari wa meno. Jumapili alikuwa Avispa, yaani nyigu, mwenye barakoa nyeusi yenye mistari ya manjano, na kwa miaka yote ya mieleka yake hakuna mtazamaji hata mmoja aliyewahi kumwona uso.

Jumapili hii ingekuwa ya kipekee. Avispa alikuwa ameweka dau barakoa yake, na mpinzani wake, Cobra Real, ameweka nywele. Cobra akishindwa, atanyolewa kipara katikati ya ulingo. Avispa akishindwa, atavua barakoa mbele ya watu wote, ataje jina lake alilopewa na wazazi, na hataivaa tena maisha yake yote. Pambano la dau ni la mwisho siku zote, ndilo kubwa la usiku. Ila wanawake walikuwa hawajawahi kupigana la mwisho pale La Fragua, hata mara moja.

"Sikiliza, binti yangu," Fulgencio alimgeukia Odilia, akalainisha sauti. "Mama yako ana kichwa kigumu kama nanga. Wewe una akili. Pambano lenu naliweka la tatu. Dau lipo palepale, Cobra yupo palepale. Tofauti yake nini?"

"La tatu ndipo watu wanapokwenda kununua bia," alisema Odilia.

"Wengine hubaki."

"Baba Fulgencio, mimi siweki uso wangu mbele ya migongo ya watu."

"Umesikia?" alisema Herlinda. "Huyo ndiye mwenye akili."

Katika mtaa ule, bango la mieleka halikusomwa kama gazeti. Watu walikuwa wakipita na kapu, na mtoto, na haraka zao, wakiulizana tu: "Nani yuko mbio wiki hii?" Maana katika kila bango lililotoka karakana ya Tecuapetla jina moja tu lilipigwa chapa kwa herufi za mbio, zilizoinama mbele kama mkimbiaji, na hilo lilikuwa jina la mtu aliyeweka dau kubwa kuliko wote. Wengine wote, hata wawe mabingwa wa dunia, walisimama wima. Sheria hiyo aliiweka Abundio Tecuapetla, baba yake Herlinda, aliyezichonga herufi zenyewe kwa mbao za mpera. "Anayeweka uso ndiye anayekimbia," alikuwa akisema, na aliyebisha alionyeshwa mlango. Barakoa ilihesabiwa kubwa kuliko nywele, kwa sababu nywele huota.

Kwa hiyo jina likiwa mbio, pambano lake ni la mwisho, na mtaa mzima unajua. Jina likisimama, hata uweke roho yako dau, wewe ni wa kusindikiza bia.

"Zamani zilikuwa zamani," alisema Fulgencio. "Siku hizi kuna kompyuta. Nikitaka, naenda pale kwa vijana wa karibu na kituo cha basi. Wanabonyeza kitufe, herufi zinalala. Dakika moja."

"Nenda."

Hakwenda. Alikohoa.

"Umeshakwenda," alisema Herlinda, akamtazama vizuri. "Umeshakwenda, na umerudi. Lete nione walichokupa."

Fulgencio alitoa karatasi iliyokunjwa ndani ya koti. Herlinda aliikunjua juu ya meza, akavaa miwani, akacheka mpaka Odilia akaja kutazama.

Jina la Barón lilikuwa pale, jeusi, nene, limeinama. Lakini ilikuwa herufi iliyosimama ambayo mtu ameisukuma ubavuni. Visigino vyake, vile vipande vidogo vinavyotokeza kwenye ncha za kila mguu, vilikuwa vimebaki kama miguu ya meza iliyovunjika. Duara la *o* lilikuwa limebonyea kama yai lililokaliwa. Unene ulikuwa umekwenda usikotakiwa.

"Huyu si mtu anayekimbia," alisema Herlinda. "Huyu ni mlevi aliyeegemea ukuta. Ukuta ukiondoka anaanguka."

"Wakala wa Barón kasema hivyohivyo," Fulgencio alinung'unika. "Kanirudishia saa ileile. Kasema anataka zenyewe, zile alizoziona utotoni alipoletwa na mjomba wake."

"Basi mwambie aweke dau barakoa yake, nitampa leo hii."

"Hawezi kuweka barakoa! Barón haweki barakoa katika miji midogo!"

"Basi asimame."

Herlinda alivuta droo ya chini. Mle ndani mbao zilikuwa zimelala kwa ulalo, nyeusi kwa wino wa miaka, zinang'aa. Abundio hakulaza herufi zilizosimama. Alizichora upya, moja moja. Herufi *a* ndogo ya kusimama ina paa juu yake, kama kibanda, lakini yake ya mbio haina paa, ni tumbo moja na mkia unaorusha vumbi. Mguu wa *p* aliushusha chini ya mstari, akaukata kisigino kwa mshazari, kama mtu anayesukuma ardhi. Miguu inayoshuka aliipa unene wote, inayopanda akaiacha nyembamba, ili jicho lipande haraka na lishuke kwa kishindo. Na mwinamo wake hakuuokota hewani. Aliupima kwa wapagazi wa sokoni wanaopanda mlima na gunia begani: wameinama kiasi cha kwenda mbele, si kiasi cha kuanguka. Kwenye mbao zote zilikuwa zinarudi nyuma, kwa kuwa mbao huchongwa kinyume. Kwenye karatasi zilikwenda mbele.

"Usiache mbachao kwa msala upitao, Fulgencio," alisema Herlinda. "Barón atakula chakula chako, ataondoka kesho yake asubuhi. Odilia yuko hapa."

"Mabango yanatakiwa ukutani leo kabla ya jioni, nawe unanipa methali." Fulgencio akajiegemeza juu ya droo, akashika ukingo wake kwa mikono miwili, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa mno. "Haya. Nimeshindwa. Fikiri tu, mzazi mwenzangu. Nakuomba ufikiri."

Akambusu Odilia kwenye paji la uso, akatoka, mkono mmoja mfukoni.

"Amekubali upesi," alisema Odilia.

"Ana njaa. Hebu funika zile karatasi, majivu yanaingia."

Volkano ya Popocatépetl ilikuwa inakohoa tangu asubuhi, na kila mlango ulipofunguliwa vumbi la kijivu liliingia likitafuta wino mbichi. Odilia akafunika karatasi kwa nailoni. Herlinda akafunga aproni, akaanza kupanga jina juu ya kitanda cha mashine, ndani ya fremu ya chuma. A. Kisha v yenye kiuno. Kisha i. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Akafika kwenye a ya mwisho, akaingiza kabari ya mwisho, akanyoosha mkono kwenye kona ya droo kuchukua kabari ya mwanzo.

Kona ilikuwa tupu.

Alipapasa. Akatoa mbao zote. Akatazama sakafuni, chini ya mashine, ndani ya sanduku la vitambaa.

Abundio, ili herufi zake zikaribiane bila mapengo, alikata hata vibao vyenyewe kwa mshazari. Vikipangwa, mstari mzima unalala upande mmoja, kama safu ya vitabu rafuni. Fremu ya chuma, nayo, ina pembe za mraba. Kwa hiyo kila mstari wa mbio ulihitaji kabari mbili za pembetatu, moja mwanzoni na moja mwishoni, za kuziba ule ulalo. Bila kabari ya mwanzo, mashine ikikaza, herufi zinateleza na mstari unasambaratika. Na zilikuwapo kabari mbili tu za ukubwa ule.

"Baba Fulgencio," alisema Odilia taratibu. "Aliegemea droo."

Fulgencio alijua kabari ni nini. Alipokuwa kijana aliosha herufi katika karakana hiihii, akafukuzwa kwa kula juu ya karatasi safi.

Herlinda alichukua simu.

"Mzazi mwenzangu," Fulgencio aliitika, sauti imejaa asali.

"Kabari."

"Kabari gani?"

"Hiyo inayokuchoma paja."

"Itakuwa imenasa kwenye koti."

"Koti lako lina vidole?"

"Herlinda, usinitukane. Panga jina la Barón, nipigie, nitakuja nayo mwenyewe. Dakika tano nitakuwa hapo. Nitakuletea na chalupa."

"Kula mwenyewe zikukwame," alisema Herlinda, akakata simu.

Alijaribu kadibodi kwanza. Alikunja, akakata pembetatu, akabandika tabaka juu ya tabaka, akakaza fremu, akapaka wino, akavuta karatasi moja. Jina lilitoka limetapakaa: A huku, v imeruka juu, s imejipinda kama mdudu aliyekanyagwa. Akajaribu mbao laini ya sanduku la matunda. Mashine iliibana ikapondeka kama mkate. Nyuma ya nyumba lilikuwapo gogo la mpera, lakini lilikatwa juzi tu, linatoa maji bado. Mbao za kufaa lazima zikauke miaka.

Odilia alishika karatasi ile iliyoharibika, akatazama jina lake lilivyotawanyika.

"Mama. Nipange za kusimama."

Herlinda aliendelea kufuta wino kwenye fremu.

"Kweli nasema. Nitapigana la tatu. Nitamshinda Cobra hata kama watazamaji ni muuza bia na mkewe. Na mimi nikishinda, nani atakumbuka lilikuwa la ngapi?"

"Na ukishindwa?"

"Sitashindwa."

"Sikuuliza hivyo. Ukishindwa, unavua barakoa. Mimi nitakuwa nimekaa mstari wa mbele. Watu wanarudi na vikombe vyao, wanaulizana, 'Huyo msichana ni nani, kafanya nini?' Uso wako umekwisha, na mtu hajui hata kilichotokea." Aliivua miwani, akaifuta majivu kwa aproni. "Mimi sikupenda uweke uso wako dau. Nilikwambia, ukakataa kunisikia. Sawa, ni uso wako. Lakini ukishauweka, hauwekwi sokoni kama nyanya zilizopondeka. Babu yako alisemaje?"

Odilia alikunja ile karatasi.

"Alisemaje?"

"Anayeweka uso ndiye anayekimbia."

"Basi usiniletee habari za la tatu."

Herlinda akasimama katikati ya karakana, mikono kiunoni, akageuza kichwa pole pole kama mama anayetafuta nani kavunja sahani. Mpera mkavu. Mpera wa miaka. Ndani ya nyumba hii mpera mkavu upo wapi?

Upo kabatini. Wote ulikuwa herufi.

Akavuta droo ya juu, ya herufi kubwa zilizosimama. Hizi nazo ni kazi ya mkono wa Abundio, vibao vipana vya mraba, kimoja kwa kila herufi. Zilipiga chapa vichwa vya habari vya mtaa mzima: misa za marehemu, maonyesho, na zaidi ya yote Baile, yaani dansi. Kidole chake kilipita juu ya zote.

"Kata X," alisema Odilia, ambaye alikuwa ameshaelewa. "Nani anaitumia X? Au Q."

"X haijanikosea."

Akaitoa B.

"Mama! Hiyo ni ya Baile! Kila dansi inaanza na hiyo. Utapigaje mabango ya dansi?"

"Kwa herufi ndogo, mpaka lile gogo likauke. Nikizeeka kabla halijakauka, utaichonga wewe."

"Babu aliichonga kwa mkono wake."

"Najua. Nilikuwa nimemshikia taa." Herlinda aliigeuza B mara moja tu, akapitisha kidole gumba kwenye matumbo yake mawili. Ilikuwa herufi nzuri. Hakukuwa na nyingine kubwa kama hiyo mjini, na Barón Escarlata, kwa bahati yake mbaya, alizaliwa katika mieleka na jina linaloanzia hapo. "Babu yako alichonga hizi za kusimama ili zile za mbio zipate wa kuzisindikiza. Leo hii moja inasindikiza kwa karibu zaidi. Lete randa."

Akaibana B kwenye jiliwa, uso juu. Kabari lazima iwe fupi kuliko herufi, la sivyo nayo itashika wino na kuchafua karatasi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuiondoa uso. Alivuta randa. Nyuzi nyeusi za mbao zikajikunja, zikadondoka miguuni pake, matumbo mawili ya B yakapungua, yakawa duara hafifu, yakawa doa, yakaisha.

"Kanyolewa," alisema Odilia.

"Kanyolewa kabla ya Jumapili," alisema Herlinda, akachukua msumeno.

Alipima ulalo kwa kabari iliyobaki, akakata, akasugua kwa msasa, akajaribu, akasugua tena. Kipande kiliingia mwanzoni mwa mstari kwa sauti ndogo kavu, kama mlango uliopata kitasa chake. Akakaza fremu. Akaipiga safu nzima kwa ngumi. Hakuna kilichotikisika.

Chini yake alipanga Cobra Real kwa herufi zilizosimama, na maneno ya dau, barakoa kwa nywele. Chini zaidi alimpanga Barón Escarlata kwa herufi za ukubwa wa pili, kwa sababu za ukubwa wa kwanza hazikuwa na B. Odilia akapaka rola wino, nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili, zikakutana katikati zikawa zambarau. Herlinda akavuta karatasi ya kwanza.

Avispa.

Jina lilikuwa linakwenda. Mtu akiliona kutoka ng'ambo ya barabara angedhani limeshapita. A iliinama mbele na visigino vyake vimekazwa, v ikaruka, s ikajipinda na kujinyoosha, na a ya mwisho ilitupa mkia ukakaribia kugusa ukingo wa karatasi.

"Haya, tusilitazame kama picha ya harusi," alisema Herlinda. "Vuta!"

Walivuta rundo zima bila kupumzika. Kisha Odilia akachukua begi lake, akavaa barakoa nyeusi yenye mistari ya manjano, akafunga kamba kisogoni.

"Ya nini hiyo?"

"Avispa hatembei mtaani bila uso wake."

"Shika ndoo ya gundi basi, Avispa."

Walitoka jua likingali juu, majivu yanaanguka kidogo kidogo. Herlinda hakuanzia ukuta wa karibu. Alikwenda moja kwa moja mpaka La Fragua, kwenye ukuta wa ukumbi wenyewe, kando ya dirisha la tiketi, akapaka gundi kwa brashi ya ufagio, Odilia akalaza karatasi, Herlinda akailamba juu kwa brashi tena mpaka haikubaki na kiputo. Muuza tamale aliyekuwa kona aliinua kichwa.

"Nani yuko mbio, Bi Herlinda?"

"Huna macho?"

"Avispa!" mwanamume huyo alisoma kwa sauti, akaona aliyeshika ndoo, akavua kofia. "Mama yangu! Avispa mwenyewe! Wanawake la mwisho?" Akageukia barabara. "Jamani, Avispa yuko mbio!"

Watu walianza kusogea. Fulgencio alitoka mlangoni kwa ile sauti, mdomo umejaa chakula. Alitazama bango. Alitazama chini, kwa Barón. Akasogeza uso karibu.

"Ile B kubwa iko wapi?"

"Nimeiweka mwanzoni mwa Avispa. Huioni kwa sababu imenyolewa."

Alielewa pole pole, na rangi ikamtoka. "Umekata mbao za mzee Abundio?"

"Wewe uliiba mbao za mzee Abundio. Mimi nimezitumia."

"Barón hatakuja, Herlinda!"

"Mwambie wakala wake bango limebandikwa. Akija, atasimama wima kama watu. Asipokuja, kiti chake apewe mtu wa mtaa."

"Naweza kulibandua."

"Bandua," alisema Odilia nyuma ya barakoa. Hakupandisha sauti. Muuza tamale aliweka kifuniko cha sufuria chini. Mama mmoja mwenye kapu alisimama kando yake, na wanafunzi wawili, na fundi viatu wa mkabala, wote wakimtazama Fulgencio mikono yake itafanya nini.

Mikono yake iliingia mfukoni. Bango likishabandikwa mbele ya watu limeshasema, na hilo alilijua tangu akiosha herufi.

Herlinda alinyoosha kiganja. Fulgencio akatoa kabari, akaifuta kwenye suruali, akaiweka pale. Herlinda akaikagua makali yake yote, akaitia mfukoni mwa aproni.

"Jumapili. La mwisho," alisema.

"La mwisho," alisema Fulgencio.

"Sogea basi, umeegemea gundi. Odilia, lete ndoo. Ukuta wa pili."